Meli Iliyotia Nanga Maparoni

Mimi ni mtu wa Mbinga. Nalitaja hili mapema ili msomaji asinitegemee sana katika mambo ya maji. Kwetu ni milima na kahawa, na mtu akioga mtoni huwa ameshika majani ya ukingoni kwa mkono mmoja. Serikali, kwa sababu inazozijua yenyewe, ikanisomesha uvuvi, kisha ikanipeleka Nyamisati, kwenye delta ya Rufiji, mahali ambapo hata mbuzi wanajua maji yanajaa saa ngapi na yanakupwa saa ngapi. Watu wakaniita Bwana Samaki, kama wanavyomwita kila ofisa uvuvi. Walikuja kugundua kwamba Bwana Samaki wao hajui kuogelea waliponiona nimevaa jaketi la kujiokolea tangu ofisini, nikashuka nalo ufukoni, nikarudi nalo, nikala nalo wali.

Ilikuwa miaka ya soko huria, kila mlango umefunguliwa. Mitumba iliingia, redio za kaseti zikaingia, mabati ya kila upana yakaingia, na wawekezaji wakaingia pamoja navyo. Wawekezaji waliotufikia sisi walikuja na meli za kuvua kamba. Kwa sheria walitakiwa wakae mbali na midomo ya mto, na msimu ukifungwa wasionekane kabisa. Lakini wavuvi wetu waliamka asubuhi wakakuta nyavu zao zimekokotwa na kitu kikubwa kilichopita gizani, na hakuna aliyejua ni meli gani. Walikuja kwangu kulalamika. Niliwasikiliza nikiwa nimevaa jaketi langu, nikawaahidi kulifuatilia suala hilo.

Ndipo ukaja Mradi. Mradi ulileta boti ya faiba yenye mashine ya nguvu, mapipa ya petroli yenye kufuli, redio ya upepo ya kuongea na Dar es Salaam, na jambo ambalo wengi hata huko Dar walikuwa hawajalisikia: picha za setilaiti za kutafutia meli. Niliitwa kwenye kozi. Mwalimu wetu alikuwa Bi Blandina, mkuu wa Mradi, mama mmoja mpole aliyerudia kila jambo mara mbili kwa ajili ya watu kama mimi. Alitueleza kwamba rada ya setilaiti haijali mawingu wala giza. Inatuma mawimbi chini na kusubiri yatakayorudi. Maji yaliyotulia huyatupa pembeni, kwa hiyo bahari hutoka nyeusi pichani. Chuma huyarudisha, kwa hiyo meli hutoka nyeupe, kidoa cha ukubwa wa punje ya mchele. Alitueleza pia, na hapa namwomba msomaji akumbuke kwa sababu mimi sikukumbuka, kwamba mabati mawili yakisimama kwa pembe juu ya maji yanaweza kung'aa pichani kama meli nzima. Niliitikia kwa kichwa kwa nguvu, nikiandika. Nikapewa cheti, nikakitundika ukutani juu ya kiti changu, ili mtu akiingia akione cheti kwanza.

Mradi uliezeka ofisi yangu upya, na mabati ya zamani nikabaki nayo. Mojawapo lilikuwa limesimama nyuma ya ofisi kama ukuta, na mimi mwenyewe nilikuwa nimeliandika kwa rangi ya bluu, herufi kubwa: USIKOJOE HAPA. Mabati hayo yote nilimpa Tatu.

Tatu alikuwa mama lishe wa pale ufukoni. Alikuwa ameachika, ana sauti ya kuamrisha hata anapokuomba, na vitumbua vyake ndivyo vilivyonifanya niache kuandika barua za kuomba uhamisho. Ningependa kusema nilimpa mabati kwa huruma. Nilimpa ili anione mtu wa maana. Aliyapiga piga kwa ngumi kuyasikiliza, akasema, "Ahsante, Bwana Samaki. Mama atayataka shamba." Akayapakia kwenye mtumbwi wa mjomba wake, na mazungumzo yetu yakaishia hapo.

Mama yake, Bi Mwanaamina, alikuwa na shamba la mpunga upande wa Maparoni. Watu wa delta mpunga ukishapandwa huhamia shambani. Wanajenga dungu, kibanda kilichosimama juu ya nguzo ndefu za mikoko, wanakaa humo miezi wakilinda mpunga usiliwe na ndege, nguruwe na viboko. Kutwa wanagonga madebe. Nilipofika mara ya kwanza nilidhani kuna harusi nyingi sana huko Maparoni.

Kisha zikaja mvua za El Nino. Sitazieleza, kila aliyekuwepo anazijua, na ambaye hakuwepo atadhani natia chumvi. Mto uliacha kuwa mto. Mashamba yakawa ziwa, njia za maji zikabadilika, magogo yakawa yanashuka kutoka bara kwa kasi ya gari. Watu wa mashambani walitolewa kwa mitumbwi, wakafika Nyamisati na magodoro vichwani. Bi Mwanaamina hakuwa miongoni mwao. Majirani zake walisema alikataa kupanda. Aliwaambia watangulie, yeye ana mtumbwi wake, atakuja akishapandisha mbegu yake ya mpunga juu mahali pakavu. Baadaye mtumbwi wake ulionekana ukielea peke yake, kamba ikiburuta.

Mjomba wa Tatu na mwenzake walijaribu kumfuata kwa kasia. Gogo likawapindua, wakarudi wamekumbatia mti. Baada ya hapo kila mtu alijua kwamba bila mashine ya nguvu hakuna kwenda. Na mashine ya nguvu Nyamisati ilikuwa moja.

Tatu alikuja ofisini asubuhi, bila vitumbua.

"Bwana Samaki, nataka boti."

"Dada Tatu, pole sana. Karibu ukae."

"Sikuja kukaa. Mama yangu yuko kwenye maji. Nataka boti, na mvuvi Mzee Bwanaheri aendeshe, anaijua mito yote."

Nilimweleza. Nilieleza vizuri mno, ndiyo kasoro yangu. Nilisema boti ile ni ya doria, imesajiliwa kwa doria, petroli yake ni ya doria, na mimi ni mtumishi tu.

"Doria ya nini?"

"Ya meli za kamba."

"Meli gani, na msimu umefungwa?"

Nikasema nitaomba kibali Dar. Na kweli niliomba, kwenye redio ya upepo, na Bi Blandina akanijibu kwamba anasikitika, petroli ya Mradi haiwezi kutoka nje ya kazi ya Mradi, na kwamba boti ya maafa, ya kuokoa watu, inatoka Utete wilayani. Boti ya maafa kutoka Utete tulikuwa tunaisubiri tangu maji yapande. Nilimpelekea Tatu jibu hilo, na wakati namwambia, ndani yangu nilisikia kitu kinatulia. Sikukipenda kitu hicho nilipokitambua. Nilikuwa nimefurahi kwamba sitalazimika kupanda boti kwenye maji yale.

Tatu hakunitukana. Angenitukana ningelala vizuri zaidi.

Siku chache baadaye gari la Mradi likafika na picha. Setilaiti ilikuwa imepita juu yetu mara mbili, kila mara ikimaliza delta nzima kwa muda wa mtu kupiga chafya. Picha zenyewe zilikaa wiki nzima Mkuranga, gari limezama kwenye tope, kisha zikakaa tena Kibiti zikisubiri trekta. Zilikuwa picha mbili, moja ya zamani kidogo na moja ya karibuni, zimechapwa kwenye karatasi nene yenye kung'aa. Nilizitandaza mezani. Nilikuwa na rula, bikari, kioo cha kukuzia, na uso wa mtu anayefanya upasuaji.

Kwenye picha zote mbili, upande wa Maparoni, palepale, kulikuwa na kidoa cheupe.

Ningekuwa mtu mwenye akili ya kawaida ningejiuliza ni meli gani hiyo isiyosogea hata kidogo kati ya picha mbili, huku mto mzima unahama. Mimi nilikuwa na cheti. Nilisema: imetia nanga. Imejificha kwenye mlango wa mto wakati msimu umefungwa, kila mtu amekimbia mafuriko, hakuna wa kuiona. Nikaipima. Ilitoka mita thelathini. Nikatafuta uelekeo wake, nikapata kwamba imeelekeza pua kaskazini mashariki, tayari kutoroka. Sijui pua niliipata wapi. Punje ya mchele haina pua.

Nilikuwa bado nimeinama mezani Tatu alipoingia tena. Alikuwa ametoka jikoni, mikono yake ina mafuta ya nazi hadi kwenye vifundo. Alisimama akaitazama ile picha ya karibuni, kwa muda mrefu kuliko nilivyotarajia.

"Hii ndiyo picha ya kutoka juu?"

"Ndiyo."

"Ya siku gani?"

Nikamwambia.

"Maji yalikuwa yameshapanda siku hiyo," akasema. "Maparoni ni wapi hapa?"

Nikamwonyesha kwa ncha ya kalamu. Kila kitu upande huo kilikuwa cheusi, isipokuwa kile kidoa. Tatu akanyoosha mkono, akaweka kidole cha shahada juu yake, akafumba macho. Midomo yake ikawa inatembea. Alikuwa anamwombea dua mama yake, na alichagua pale kwa sababu ndipo palipokuwa na mwanga.

"Dada Tatu," nikasema, "samahani, toa kidole. Una mafuta. Utaharibu picha, na hiyo hapo ni meli."

Akafumbua macho. "Ni nini?"

"Ni meli ya kamba. Setilaiti haioni watu, inaona chuma."

Akakitoa kidole. Pale alipokigusa pakabaki alama, duara la mafuta lililozunguka ile meli yangu. Nilijaribu kulifuta kwa leso, likatanuka. Nilikasirika kidogo.

Jioni hiyohiyo nilipiga redio. Nilitoa mahali, urefu na uelekeo wa meli, sauti yangu imekuwa nzito kama ya mtangazaji wa taarifa ya habari. Bi Blandina aliniuliza kama nina uhakika, nikasema asilimia mia. Kibali kikatoka palepale. Petroli ya kumtafutia mtu ilikuwa haiwezekani. Ya kukamata meli ilitoka mapipa mawili, na bendera mpya ya Mradi ya kufunga mbele.

Hofu yangu ya maji ilikuwa bado ipo, lakini nilishaona mbele yangu picha nyingine: mimi nimesimama kando ya nahodha aliyefungwa pingu, na Tatu yuko ufukoni anatazama. Mtu anaweza kuvuka maji mengi kwa ajili ya picha ya namna hiyo.

Tulikuwa watu wanne. Mzee Bwanaheri aliendesha, na alikuwa na hamu ya hiyo meli kunishinda mimi, maana nyavu zake mbili zilikokotwa mwaka uliopita. Koplo Richard, polisi tuliyepewa, alikuja na bunduki, na njaa isiyoisha. Wa nne alikuwa Tatu. Nilipomkuta amekaa kwenye boti na sufuria mapajani nilipinga.

"Dada Tatu, hii ni operesheni ya siri."

"Nyamisati nzima inaijua. Mie nakwenda na nyie mpaka Maparoni, mtanishusha popote penye ukavu, nitamtafuta mama kwa miguu yangu."

"Haiwezekani."

Koplo Richard alikuwa ameshafunua sufuria. "Bwana Samaki," akasema, "operesheni bila mpishi si operesheni." Kwa kuwa ndiye aliyekuwa na bunduki, tukaondoka.

Safari sitaisimulia yote kwa sababu sehemu kubwa niliifanya nikiwa nimefumba macho. Tulipita juu ya mashamba ya watu. Vilele vya minazi michanga vilikuwa vimefika usawa wa mabega yetu. Mzee Bwanaheri alikwepa magogo huku akiyasemesha kama watoto watundu, na Koplo alikula. Tatu alikuwa anaangalia kila kichaka cha mikoko tulichokipita, kimoja kimoja, na kila tulipopita kimoja bila kitu alihamisha macho kwenye kinachofuata. Nilitaka kumwambia neno la kumtia moyo. Nililolipata lilikuwa, "Usijali, tukishaikamata meli, nitaomba kibali cha kumtafuta mama." Hata kenge mmoja aliyekuwa juu ya gogo aligeuka akanitazama.

Mvua ikawa manyunyu. Saa sita hivi mchana nikainua darubini. Mbele, katikati ya maji matupu, kitu kilikuwa kinang'aa. Kilikuwa chuma, hapakuwa na shaka.

"Ndiyo yenyewe," nikasema. "Punguza mashine."

"Naona moshi," akasema Koplo.

"Injini. Wanapasha injini moto, wanataka kutoroka."

"Na kuna bendera."

Kulikuwa na bendera kweli, imefungwa juu ya mti mrefu, imelowa, inajikunja na kujikunjua. Nilikuwa na karatasi yenye bendera za nchi zote zinazomiliki meli, Bi Blandina alitupa kwenye kozi. Niliifungua juu ya magoti, mvua ikaanza kuilowesha. Nyekundu, nyeupe, na kitu cheusi katikati. Nilipitia Asia, nikapitia Ulaya. Nikasema huenda ni nchi mpya, siku hizo nchi mpya zilikuwa zinazaliwa kila mwaka.

Kisha nikafanya nilichokuwa nimekifanyia mazoezi mbele ya kioo. Nikasimama, jaketi limenibana hadi kwenye mbavu, nikashika kipaza sauti cha Mradi kwa mikono miwili.

"Meli iliyotia nanga! Hapa ni Serikali! Zima injini! Nahodha na mabaharia wote wajitokeze, mikono juu!"

Halafu tukajibiwa: mlio wa chuma, mkali, mfululizo, bila kupumzika.

"Wanapiga risasi!" nikapiga kelele, na nasikitika kusema kipaza sauti kilikuwa bado mdomoni. Nikalala chini kwenye boti juu ya miguu ya Koplo Richard, ambaye alikuwa ameshalala kabla yangu. Mzee Bwanaheri akazima mashine. Boti ikawa inaelea tu kuelekea kwenye ule mlio.

Ni Tatu peke yake aliyekuwa amesimama. Kutoka pale chini niliona miguu yake na pindo la kanga.

"Ile kanga ni kisutu," akasema. Kisha kwa sauti nyingine, sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake na natumaini sitaisikia tena, "Ile ni kisutu ya mama! Aliivaa harusi yangu! Mama! Mama wee!"

Mlio ukakoma.

"Tatu?" sauti ikatoka upande wa meli, imekauka kabisa. "Tatu, mwanangu?"

Nilinyanyua kichwa. Palikuwa na nguzo za mikoko zilizozama karibu zote. Juu yake palikuwa na sakafu ya fito, na kwenye sakafu hiyo mabati mawili yamesimamishwa kwa pembe kuzuia upepo na mvua, yanang'aa kwa maji. Nyuma yake kulikuwa na jiko la moto mdogo ndani ya debe bovu. Juu ya mti ilipepea kanga ya kisutu, ya kuomba msaada kwa yeyote mwenye macho. Na kwenye bati la upande wetu, kwa rangi ya bluu, kwa mwandiko wangu mwenyewe, serikali ilikuwa inamwamuru kila apitaye asikojoe hapo.

Bi Mwanaamina alikuwa amekaa kwenye pembe ya mabati yale, ameshika debe kwa mkono mmoja na kijiti kwa mkono wa pili. Alikuwa amekonda. Miguu ilikuwa imevimba na midomo imepasuka. Pembeni yake alikuwa na kapu la mbegu ya mpunga aliyoiokoa, limebaki robo, maana ndiyo aliyokuwa anakaanga na kula.

Alinitazama. Mimi nilimtazama. Nilikuwa nimepiga magoti, karatasi ya bendera imenigandia kifuani. Nilijua lazima niseme kitu, na malezi ya nyumbani ndiyo pekee yaliyonijia.

"Shikamoo, mama," nikasema, kwa kipaza sauti.

Delta nzima ikanisikia nikimwamkia.

"Marahaba, baba," akasema Bi Mwanaamina. "Nakusikia. Usipige kelele."

Tatu alishavuka. Sijui alivukaje, boti haikuwa imefika. Walikuwa wameshikana pale juu ya fito, na Tatu alikuwa analia kwa kwikwi kama mtoto, huku mama yake ambaye hakuwa na nguvu ya kukaa wima akimpiga piga mgongoni na kumwambia basi, basi, yamekwisha. Koplo Richard alivua kofia. Mzee Bwanaheri alisema Alhamdulillahi, na akaangalia pembeni ili asinione.

Tulimshusha kwa uangalifu. Alikataa kuondoka bila lile kapu la mbegu, na wala hatukubishana naye. Kwenye boti alikunywa maji, akapakatwa na mwanawe, akauliza, "Mkono wangu ulikufa ganzi kwa kugonga, nikasema hakuna anayesikia. Nani kawaleta kwangu?"

Koplo alifungua mdomo. Tatu akamtangulia. Alinitazama kwanza, na nilijua kwamba katika kutazama huko ameshayaunganisha yote, mabati, picha, kidole, na boti niliyomnyima.

"Bwana Samaki," akasema taratibu. "Alikuona kwenye picha, mama."

"Mimi?"

"Wewe."

Bi Mwanaamina akanyoosha mkono wake mkavu, akaniwekea kichwani. Akaniombea Mungu anihifadhie macho yangu, ayazidishie kuona. Nilipokea dua ile nimeinamisha kichwa, na nadhani alifikiri ni unyenyekevu.

Nyamisati ilitupokea kwa vigelegele. Habari zilitembea hadi Kibiti kwamba Bwana Samaki ana picha inayomwona mtu popote alipo. Kesho yake asubuhi mlangoni pangu kulikuwa na foleni. Mmoja alikuwa amepotelewa na ng'ombe. Mama mmoja alitaka nimwangalizie mumewe aliyesema amekwenda kisiwani Mafia kikazi, kama kweli yuko Mafia na kama kweli ni kazi. Niliwaambia mtambo umeharibika.

Bi Blandina alinipata redioni mchana.

"Hilari, umeikamata? Ova."

"Tumeifikia. Ova."

"Jina la meli? Ova."

Redio ikakoroma. "Mwanaamina," nikasema. "Ova."

"Nahodha ni nani? Bendera ya nchi gani?"

Ndipo nikamweleza. Nilieleza kila kitu, polepole, na kwa mara ya kwanza katika utumishi wangu sikupamba. Alisikiliza mpaka mwisho. Nilitarajia anifukuze kazi. Aliuliza kitu kimoja tu: mabati yale yalikuwa yamesimamaje.

"Kwa pembe," nikasema.

"Juu ya maji."

"Ndiyo, juu ya maji."

"Nilifundisha hilo," akasema Bi Blandina. "Nilifundisha mara mbili." Kisha akashusha pumzi, nikaisikia hata kupitia redio. "Na wewe ulipoomba boti, mimi nilikunyima. Tutaongea nikija." Akazima bila kusema ova.

Meli za kamba zenyewe, za kweli, ziliendelea kupita gizani. Hatukuzikamata mwaka huo wala uliofuata.

Tatu alikuja jioni, watu wa foleni walipokwisha kutawanyika. Mama yake alikuwa zahanati, anakunywa uji. Sikumkaribisha kukaa, nilikuwa nimejifunza. Alikwenda moja kwa moja mezani. Picha ilikuwa bado imetandazwa, na duara la mafuta lilikuwa bado lipo, limekauka na kuwa la manjano, kile kidoa cheupe katikati yake.

"Siku nilipokuja hapa," akasema, "mama alikuwa ni huyu."

"Ndiyo."

"Na siku hiyo alikuwa anagonga debe."

"Ndiyo, dada Tatu."

"Ukampima na rula."

Cheti kilikuwa juu ya kichwa changu na nilikuwa na hamu ya kukigeuza kielekee ukutani. Nilitamani anitukane. Badala yake alinyoosha mkono, ule ule, una mafuta ya vitumbua kama siku zote, akaweka kidole palepale juu ya mama yake, akafumba macho.

Alikiweka kwa muda mrefu. Nilisimama kando yake, nimevua jaketi, mpaka alipomaliza mwenyewe.